Bahari ya Sebuleni

Kitendawili!

Nimewasikia mkiitikia. Haya: mgeni wangu hafungi macho, hata akifa.

Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Mmenipa Ruiru? Ahsanteni, na huko Ruiru tutafika kabla sijamaliza leo. Jibu ni samaki.

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimewashika wawili, mmoja kila mkono, wamekufa macho wazi wakinikodolea kana kwamba mimi ndiye niliyewaua. Na hivyo hivyo ndivyo alivyosema Kulthum, mke wa mwanangu.

Kwa anayefungua ukurasa huu leo kwa mara ya kwanza: mimi ni Zubeida, mjane. Nyumba yangu ya Majengo, Thika, iliangushwa na mvua za El Nino, nikahamia Ngoingwa kwa mwanangu Irshad. Irshad ni dereva wa lori la Mombasa. Meneja mmoja wa kiwanda alipohama nchi alimwachia tangi la kioo, refu kama jeneza, na Irshad akaapa atalijaza bahari. Maji huyaleta kwa mapipa juu ya lori. Samaki huwaleta ndani ya mifuko ya nailoni iliyofura hewa.

Kabla sijahamia, samaki waliishi. Nilipohamia, wakaanza kufa. Wiki hiyo hiyo lori lake likavunjika ekseli Mtito Andei. Mnaona basi nilivyokuwa nimeshahukumiwa.

Na ile harufu! Samaki wa kuliwa akioza ananuka samaki. Hawa walinuka soksi ya mgonjwa iliyochemshwa. Ute wao ulinibaki vidoleni, nikasugua kwa majivu, nikasugua kwa ndimu, na bado nilipoinua kikombe cha chai nilihisi ninakunywa marehemu.

"Mama," Irshad aliniuliza asubuhi ile, "uliwapa nini?"

"Niliwapa salamu."

"Sifanyi mzaha."

"Hata mimi. Niliwaambia sabalkheri, hawakuitikia. Nilipotazama vizuri walikuwa chali."

Kulthum alikuwa amesimama mlango wa jikoni, leso puani. "Mimi sisemi kitu," akasema. Mkiona mtu ameanza hivyo, kaeni chini, maneno ni mengi. "Nasema tu, Mama anapenda kukaa hapo akiwatazama. Anawatazama sana. Kuna macho mengine si ya kutazamia viumbe."

"Sema jicho, Kulthum. Usilizunguke kama kuku anayetaka kutaga."

"Mimi sijasema. Umesema wewe."

Nikamtazama mwanangu. Nilidhani atamkanya mkewe. Akatia sukari kwenye chai, akakoroga, akakoroga, mpaka nikatamani kumnyang'anya kijiko.

"Narudi Alhamisi na samaki wengine," akasema hatimaye. "Hao wakifa pia, Mama, nitakutafutia chumba Kiuu."

"Kiuu nina nani?"

"Utakaa kwa amani."

"Hata kaburini kuna amani, Irshad."

Akaondoka. Wajukuu wangu watatu hulala chumba kimoja nami, na bila hadithi hawapati usingizi. Kiuu ningemsimulia nani? Mende?

Basi nikaamua kumtafuta muuaji mwenyewe.

Ndani ya tangi alikuwa amebaki mmoja tu. Watu wa pwani humwita kitatange, manjano mwenye mistari myeusi, bapa kama sahani. Alikuwa amejibanza pembeni, anahema ubavu, mashavu yanafunguka na kujifunga kama mtu aliyepanda mlima. Kamba wadogo ndio walikuwa wa kwanza kufa. Kisha kile kiumbe chenye miguu ya nyota, wanachokiita kiti cha pweza, kikayeyuka kama uji, nami ndiye niliyekichota kwa upawa. Upawa huo niliutupa. Kulthum akauokota akaurudisha jikoni. Tangu siku hiyo mboga ya mchuzi sikuila tena.

Kwanza nilishuku ubani. Kulthum hufukiza kila Ijumaa, na ile pampu ya hewa ya tangi inavuta chochote kilicho chumbani na kukipuliza majini. Nikamfichia chetezo. Kitatange akaendelea kuhema.

Nikaja kufikiri hivi: kama ni jicho langu, basi litamfuata popote. Nikaenda uani kwenye pipa lililokuwa na maji ya bahari yaliyobaki, hayajamwagwa tangini. Nikajaza karai. Nikamtoa kitatange kwa chujio la chai, na chujio hilo nalo nililitupa, mbali kabisa safari hii. Nikamweka kwenye karai, nikalisukuma chumbani kwangu chini ya dirisha, nikakaa nikimtazama. Nilimtazama kwa makusudi. Nilimkodolea mpaka macho yakaniuma. Nikawa nachota maji kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu ili yapate hewa.

Kufika jioni, kitatange alikuwa amesimama wima. Asubuhi yake alikuwa anazunguka karai kama mwenye nyumba anayekagua ua wake.

Haya! Jicho langu liko wapi?

Basi ubaya ulikuwa kwenye lile tangi. Nikarudi sebuleni, nikatia kidole majini, nikakilamba.

Wasomaji wangu, msifanye hivyo. Nilitema dirishani, nikatema tena, nikatoka nje kabisa nikatema kwenye maua ya Kulthum. Chumvi niliitarajia. Uozo niliutarajia. Lakini chini yake kulikuwa na ladha nyingine, kali, inayoukunja ulimi, nami nilikuwa nimewahi kuionja. Ni ya arusi moja ya Majengo ambapo pilau ililala ndani ya sufuria la shaba lililokwisha bati lake la ndani. Wageni wote walishikana matumbo, bwana arusi akakesha chooni, na bibi arusi akamsubiri nje ya mlango na kopo la maji.

Shaba. Lakini ndani ya tangi hakuna sufuria. Kuna mchanga, mawe ya matumbawe, na kioo. Shaba imetoka wapi?

Sikupata jibu, na Alhamisi ilikuwa kesho yake. Moyo ukaniishia. Nikamwambia Kulthum naenda Ruiru, Kimbo, kumwona Waceke. Nataka kumwomba kajipembe nyumbani kwake, afadhali hapo kuliko Kiuu.

"Nenda, Mama, nenda ukapunge upepo," akasema Kulthum. Alifurahi mno. Alinifungia hata kiatu.

Waceke ni rika langu. Tulisoma pamoja mpaka darasa la nne, tukaachishwa pamoja, tukachuma kahawa pamoja. Siku hizi miguu imemvimba, anauza chai na mandazi kibandani karibu na stendi ya Kimbo. Nilimkuta na mteja, mwanamke wa makamo aliyejifunga kitambaa cha kanisa, jina lake Njambi.

"Zube!" Waceke akaniita. "Mbona umekaa kama nguo iliyosahaulika kwa kamba? Kaa chini. Njambi, msogezee cucu kiti."

"Cucu, habari yako?" Njambi akasema, akiniita bibi kwa Kikuyu. "Hata mimi nilikuwa nakaa hivyo. Ilikuwa nuksi. Saluni yangu ilichomeka, bwana akaenda na dada yangu, mguu ikaingia kidonda. Sasa niangalie! Niko poa kabisa. Nilipelekwa kwa bahari."

"Ulifika Mombasa?" nikamuuliza.

"Mombasa ya nini? Iko bahari hapa Thika. Ngoingwa. Ndani ya nyumba."

Andazi alilonipa Waceke likanisimama kooni.

"Bahari ya ukweli, cucu! Ya chumvi! Unaenda na kilo ya sukari ya mwenye nyumba. Na unatafuta ile senti ya kitambo ya wazungu, ile iko na tundu katikati. Hiyo pesa ya sasa haifanyi kazi. Unazungusha kwa kichwa, unataja ile kitu inakusumbua, unatupa ndani. Mama wa nyumba anaifukia na mchanga ndio isikurudie. Si ndio watu wa Mombasa hufanya? Wanatupa nuksi baharini. Sasa sisi wa huku tutupe wapi, mto Chania?"

"Na ndio hivyo tu?"

"Anakupea na chupa ya maji yake. Ya kuoga. Mimi huwa nasukutua nayo pia, asubuhi na jioni. Iko na ka-ute hivi, kazito, unasikia kabisa ni dawa."

Niliyaona macho ya kile kiti cha pweza, ingawa hakina macho. Nilimwona mwenzangu huyu akigugumiza mchuzi wa maiti na kushukuru.

"Shida ni moja," Njambi akaendelea, akiinama karibu, pumzi yake ikanifikia, nami nikaitambua harufu. "Lazima ungojee kile kizee kitoke. Iko kizee hapo ndani, mama ya bwana. Hiyo ndio nuksi yenyewe. Ati ikiangalia samaki, samaki inapinduka!"

"Umewahi kukiona?"

"Ngai, mimi? Siwezi! Wanasema kiko na jicho moja kubwa, nyekundu."

Nikamtazama kwa yote mawili.

Waceke akashika mdomo. "Njambi," akasema polepole, "huyu ni rafiki yangu Zubeida. Wa Ngoingwa."

Njambi alinyanyuka. Akakaa. Akanyanyuka tena. "Haiya! Cucu, lakini... wewe si kizee sana." Kisha akatoka mbio na kuacha chai yake inatoa moshi.

Waceke alicheka mpaka akalia. Mimi sikucheka. Nilikuwa nawaza sukari. Miezi hii yote nyumba yetu ilijaa sukari, nami nilikuwa nikimsifu Kulthum, nikisema mke huyu anajua kubana matumizi. Kila asubuhi nilitia vijiko vitatu. Nilikuwa nakunywa nuksi za watu, zimetiwa maziwa na tangawizi.

"Waceke," nikasema, "ile senti ya tundu ni ya nini?"

"Ya shaba, si unajua? Mama yangu alikuwa anaing'arisha na majivu na ndimu."

Sikumaliza chai. Na lile ombi la kajipembe sikulitaja. Niliinuka nikarudi Thika.

Nilimkuta Kulthum anakata sukuma wiki sebuleni, miguu kainyoosha, ametulia kama malkia. Juu ya meza palikuwa na pakiti mpya ya sukari.

"Mama! Umerudi mapema."

"Lete karai."

"La nini?"

"La kuvulia."

Nikavua bangili, nikakunja mkono wa buibui mpaka begani, nikauzamisha tangini. Yale maji yalikuwa vuguvugu. Vuguvugu kama maji aliyoogea mtu mwingine. Kuta zilikuwa na utelezi, mchanga nao ukaninyonya vidole kama fizi za mtoto. Nilifumba macho, nikapekua.

Ya kwanza ilitoka. Senti ya tundu, imeota kutu ya kijani kama ndevu za beberu. Nikaitupa karaini, nayo ikalia. Nikatoa nyingine. Nikatoa konzi nzima. Zilikuwa zimeshikana kwa ute mweupe, na katikati ya ute mlikuwa na nywele za watu, na kipande cha ukucha ambacho sijui nani alikifunga humo. Nikageuka nikatapika kwenye beseni la sukuma wiki.

"Mama!" Kulthum akapiga yowe. "Chakula cha watoto!"

"Chakula cha watoto? Watoto wako wanalala nyumba iliyofukiwa balaa za watu wa Thika na Ruiru kwa kilo moja moja ya sukari, na wewe unalia kwa sukuma wiki? Tazama hizi! Shaba ikilala kwenye chumvi inatoa sumu. Hii ndiyo iliyowaua kamba, ikaua kiti cha pweza, ikaua wote. Kitatange yuko chumbani kwangu, mzima, anakunja na kukunjua mapezi. Nenda ukamtazame, na ukimaliza uniambie ni jicho la nani."

Akaenda. Akarudi.

"Mama, usimwambie Irshad."

"Kumbe una ulimi wa kuomba."

"Walikuja wenyewe. Mmoja alikuja, akamwambia mwenzake. Ningewafukuza vipi?"

"Na uliposema kizee ni nuksi, nayo ilikuja yenyewe?"

Akainamisha kichwa. Nami, nawaambia kweli, nilijisikia vizuri. Mkono wangu ulinuka, koo langu liliwaka, lakini nilikuwa nimeshinda. Kesho yake Irshad angefika na samaki wake, ningemwekea lile karai mbele, na Kiuu wangetafuta mpangaji mwingine.

Nikazamisha mkono mara ya mwisho, kusafisha pembe ya nyuma, chini ya jiwe kubwa la matumbawe.

Hapo nikagusa kitambaa.

Nilikitoa. Kilikuwa kimefungwa fundo, kimekuwa laini na chenye utelezi kama utumbo wa kuku. Nikakisuuza. Rangi ikatokea: nyekundu, na ukingo mweusi wenye vikorosho.

Niliufahamu ukingo ule. Ulikuwa wa leso yangu ya kujifunga. Wiki ile niliyohamia nilikuta pembe moja haipo, nikalaumu panya, nikatega mtego, na Irshad mwenyewe alinisaidia kuuwekea chambo.

Nikafungua fundo kwa meno, kwa kuwa vidole vilikuwa vinateleza, na ladha ile ya arusi ikanijaa kinywani.

Ndani mlikuwa na senti ya tundu iliyopitishwa uzi mweusi.

Nina kitendawili ambacho nimewatega wajukuu zangu wote, na hakuna aliyekitegua: mfalme katobolewa tumbo, na bado analinda mtoto. Jibu lake ni senti hii, yenye jina la mfalme wa Waingereza. Irshad alizaliwa dhaifu, hanyonyi, na marehemu mama yangu akamfunga senti ya mfalme kiunoni kwa uzi mweusi. Alipokua aliihamishia kwenye kioo cha lori. Nilidhani hajawahi kusafiri bila hiyo.

"Kulthum. Nani alileta hii?"

Akakichukua kisu cha sukuma wiki, akakiweka tena.

"Nimekuuliza."

"Hiyo si ya wageni, Mama." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Hiyo ni ya kwanza. Lori lilipovunjika ekseli alirudi usiku ule, akasimama hapo mbele ya tangi, akaizungusha kichwani. Mimi nilichungulia tu. Wale wengine... niliona kwake nikaiga."

"Alitaja nini?"

"Mama..."

"Mtu hutaja kitu kinachomsumbua, Kulthum. Mwanangu alitaja nini, na kwa nini alikata leso yangu?"

Kabla hajajibu, honi ikalia nje ya geti. Honi ndefu, kisha fupi. Irshad. Amerudi siku moja kabla.

Aliingia na mifuko miwili ya nailoni, ameikumbatia kama mapacha, na ndani yake samaki wa rangi ya machungwa wakigeuka geuka. Alikuwa anatabasamu. Akaliona tangi limechafuka. Akaliona karai lenye senti. Akamwona mkewe analia.

Hakuuliza nani amekufa. Hakuuliza senti zile ni za nani. Aliutazama mkono wangu wa kulia, ule niliokuwa nimeufumba juu ya ile senti.

"Mama," akasema, "umetoa nini humo?"

Maji ya kijani yalikuwa yananidondoka kwenye kiwiko, tone, tone, mpaka sakafuni. Nilimtazama mtoto wangu. Tangu alipoanza kusema, hata awe amekasirika vipi, nikimtegea hunijibu kabla sijafunga mdomo.

"Kitendawili, Irshad," nikamwambia.

Akanyamaza.

"Kitendawili, mwanangu."

Aliiweka mifuko chini taratibu. Akageuka, akaufunga mlango, akazungusha ufunguo. Kisha, bila kunitazama usoni, akasema:

"Tega."